Mechi Ambayo Haikupita

Vijana wa biro, ofisi yetu ya maulizo,

Siku ile mliyoniaga kwa fanta na keki, mmoja wenu aliniuliza mbele ya wote kama ni kweli kwamba nusu ya Bukavu iliwahi kutazama mechi ambayo televisheni haikuionyesha. Mlicheka. Nami nilicheka, ila mdomo ulikuwa umejaa keki, sikuweza kujibu. Sasa nina nafasi. Niko nyumbani Muhungu, magoti yananikumbusha kila kilima nilichopanda, na nitawaeleza jinsi ilivyokuwa. Msitegemee kuelewa mkifika mwisho. Mimi nilikuwemo toka mwanzo na sijaelewa.

Niliingia kazini nikitoka kufundisha shule ya msingi Nyangezi. Mwalimu huuliza maswali ambayo majibu yake anayajua. Kazi hii ilikuwa kinyume: kupita nyumba kwa nyumba na kuuliza watu jana walitazama nini kwenye televisheni, walisikiliza nini kwenye redio, ili wenye vituo na wenye matangazo wajue kama upande wa pili kuna mtu. Watoto wa Kadutu walituita “batu ba maulizo”. Wakituona wanakimbia mbele kutangaza kwamba tunakuja, kwa hiyo hatukuwahi kukuta nyumba bila kiti kilichopanguswa.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa papa Wenceslas. Alikuwa mtu wa Katana, mrefu, mwenye kofia ya kitambaa na koti la mvua alilolivaa hata wakati wa kiangazi, kwa sababu, alisema, mvua ya Bukavu haisomi kalenda. Yeye ndiye aliyewafundisha karibu wote mliowakuta pale.

“Maman Noëlla,” aliniambia tukipanda kuelekea Nyawera, “ukiingia mu nyumba ya batu, usitoshe fiche ya maulizo mbele. Bakiona karatasi banafikiri iko impôt, kodi ya serikali. Ikala kwanza. Uliza batoto beko namna gani. Kisha angalia ile télé.”

“Niangalie programme gani, papa?”

“Hapana. Angalia kama imevaa nguo.”

Nilidhani ananitania. Lakini mlango wa pili tu nilielewa. Televisheni iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi, kimenyooka bila mkunjo, na maua ya plastiki juu yake, ni televisheni ya Noeli na ya wageni. Ile yenye kitambaa kilichosukumwa pembeni, na rimoti iliyofungwa na mpira wa kamba ili betri zisidondoke, hiyo inafanya kazi. Na kabla ya kuuliza lolote juu ya programu, alinifundisha kuuliza hivi: “Jana courant ilikuya saa ngapi?” Mtu ambaye umeme wake umekuja alfajiri hawezi kuwa ametazama habari za jioni, hata akikuapia kwa jina la Bikira Maria. Papa Wenceslas aliuliza swali hilo kwa sauti ya kusikitika, kama anayeuliza habari za mgonjwa, na watu walimjibu ukweli.

Mlango wangu wa kwanza peke yangu ulinishinda. Maman mmoja alisimama kizingitini, akaniambia hawana televisheni, na nyuma yake televisheni ilikuwa inapiga kelele kiasi kwamba ilibidi arudie mara mbili ndipo nimsikie.

Nawaeleza pia juu ya hoki, maana nayo imo. Fiche za miaka ile zilikuwa zimetungwa ng'ambo, kwa ajili ya nchi nyingine kabisa, na kwetu zilifika zikiwa zimebadilishwa lugha tu. Swali moja lilisema: tangu timu ya taifa ya hoki ifanye vizuri kwenye mashindano ya kimataifa, je, unatazama zaidi ligi ya hoki ya nyumbani kwenye televisheni? Huko lilikotoka naamini lilikuwa swali la maana. Mimi nilikuwa mgeni kazini, sikuthubutu kuliruka. Nililiuliza Nyawera, nikaliuliza Panzi. Mahali pengine nilishika fagio kuonyesha namna wanavyopiga. Watu walinitazama kwa huruma, halafu wakajibu. Fundi cherehani mmoja aliacha mashine yake, akafikiri sana, akasema: “Hoki? Zaidi kidogo.”

Nilimpelekea papa Wenceslas majibu hayo nikiwa nimechanganyikiwa.

“Balikupokea tu muzuri,” akasema. “Uliomba kiti, bamekupa kiti. Uliomba jibu, bamekupa jibu.”

Nikasema sawa, nimeelewa kazi: mtu anamjibu mgeni ili kumfurahisha. Nilikaa na maelezo hayo miaka mingi, nikayafundisha hata wengine.

Halafu ukaja mwaka ule ambao timu yetu ya taifa ya mpira ilifika mbali kwenye kombe la Afrika. Nyinyi wengine mlikuwa shuleni bado, mnakumbuka. Goli likiingia, kelele ilianzia Funu juu, ikashuka Kadutu, ikapita Nyawera mpaka kwenye maji ya ziwa. Na haikuja mara moja. Wenye redio walilia kwanza, wenye dishi wakafuata nyuma kidogo, kwa hiyo kila goli tulilipata mara mbili. Familia ambazo zamani kila mmoja alikuwa na upande wake zilikaa pamoja sebuleni. Akina baba waliozoea kurudi wakiwa wamekunywa walirudi mapema. Hayo niliyaona kwa macho, sikuyauliza.

Shefu wetu wakati huo alikuwa Monsieur Patrick, kijana mpole mwenye miwani, aliyesomea Kinshasa. Alituita, mimi na papa Wenceslas, akatueleza kwamba kampuni moja ya sabuni inataka kulipia mechi za ligi ya hapa mjini zionyeshwe kwenye televisheni kila Jumapili. Lakini kwanza wanataka kujua: je, furaha hii ya timu ya taifa imewapa watu hamu ya kuwatazama vijana wa hapa? Jumapili ile kituo kimoja cha mjini kingejaribu kuonyesha mechi kati ya timu ya Funu na timu ya Bagira. Kesho yake sisi tungepita kuuliza.

Fiche ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ulitazama mechi ya jana, ndiyo ao hapana. Ulipenda, ndiyo ao hapana.

“Na swali ya courant iko wapi?” papa Wenceslas akauliza.

“Papa, ba client banataka kitu kifupi,” shefu akajibu.

Jumapili yenyewe mimi nilikuwa kwenye komunyo ya kwanza ya mjukuu wangu. Papa Wenceslas hakuwa na televisheni kwake. Alisema anaziona za kutosha kazini. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi tulitoka bila kujua lolote.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Cimpunda, kwa maman Georgette, muuza makala, yaani makaa, mama mwenye sauti ya kufika mlima wa pili. Nilimuuliza kama wametazama mechi. Hakungoja nimalize.

“Yote! Tuliiangalia yote! Ile goli ya kichwa, ku corner, karibu bamalize! Papa Innocent alimwanga chai!”

Papa Innocent, mumewe, alinionyesha doa la chai kwenye suruali.

Tukaenda kwa jirani: ndiyo. Tukashuka Panzi: ndiyo, na walipenda. Kesho yake tulipanda gari mpaka Nyangezi, kisha Katana, ndiyo tena, ndiyo na mikono juu. Mzee mmoja wa Nyangezi, muzee Zacharie, alinieleza mechi nzima akichora uwanja kwa fimbo kwenye vumbi. Nilirudi mjini nimejaa furaha. Nilijiambia: hawa watu kweli wamewapenda vijana wao. Garini papa Wenceslas alivuta kofia mpaka machoni. Nilidhani amechoka.

Siku iliyofuata shefu alituingiza ofisini kwake, akafunga mlango. Mezani kulikuwa na fiche zetu, na yeye alikuwa ametoka kuzungumza na fundi wa kile kituo.

“Maman Noëlla,” akasema, “ile match haikupita.”

“Haikupita wapi?”

“Haikupita ku télé. Émetteur, ile mashine ya kurusha, iliharibika mbele ya match kuanza. Bakaitengeneza mbiombio, lakini image ya stade, picha ya uwanja, ikakataa. Balipitisha chorale ya kanisa mpaka magaribi. Chorale tu.”

Nilitazama fiche. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, kwa mwandiko wangu mimi.

“Sasa munielezee,” shefu akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini, jambo lililonitisha kuliko kelele. “Haya majibu muliyaandikia wapi? Mulikaa ku malewa, kwa ba maman banauzisha chakula, mukakula, mukajaza?”

Masikio yangu yalipata moto. Lakini si mimi niliyejali zaidi. Ni yule aliyekaa kando yangu. Papa Wenceslas alivua kofia yake, akaiweka gotini, akaitazama. Mtu huyu alikuwa amewafukuza vijana wawili kwa kosa hilohilo la kujaza fiche mezani. Shefu alitupa mpaka mwisho wa juma: turudi na maelezo, ama tusirudi.

Nje nilimwambia, “Papa, iko kama hoki. Balitufurahisha tu.”

Akatikisa kichwa. “Hoki hakuna mutu alimwangia chai.”

Tulianza tena Cimpunda. Maman Georgette alitukaribisha, akatuwekea viti vilevile.

“Maman,” nikasema, “ile match ya Jumapili. Uliiona ku télé?”

“Si nilikuambia? Tuliiangalia.”

“Lakini ku télé kulikuwa chorale.”

“Ee. Chorale ilikuwa.”

“Sasa match muliiona namna gani?”

Akanitazama kama mwalimu anayetazama mtoto mzito. Akasimama, akachukua redio ndogo iliyokuwa dirishani, akaiweka juu ya televisheni. “Hivi.”

Hapo ndipo alipotueleza. Tangu siku za timu ya taifa, nyumba yao ilikuwa imezoea kukaa wote mbele ya kioo. Jumapili walikaa: yeye, mumewe, watoto, majirani waliokuja na viti vyao. Mechi haikuja, ikaja kwaya. Mtu akafungua redio, na redio ilikuwa uwanjani kweli, mtangazaji anapiga kelele. Wakakata sauti ya kwaya, wakaiweka redio juu ya televisheni, wakaendelea kutazama.

“Kutazama nini?” nikauliza. “Wale waimbaji?”

“Tulikuwa tunangojea image ikuye.”

“Mpaka mwisho?”

“Ikikuya na siye tumetoka?”

Nilimgeukia papa Wenceslas. Alikuwa anaitazama ile redio juu ya televisheni, na macho yake yalikuwa yameanza kung'aa.

Nilifurahi, nikajua tumepata maelezo, tutarudi kwa shefu. Basi. Lakini Panzi yule papa aliyetuambia ndiyo alikuwa na maelezo mengine: yeye alikuwa uwanjani mwenyewe, amesimama nyuma ya goli. “Uliniuliza kama niliangalia match. Niliiangalia kupita ata bale ba télé.” Na Katana maman mmoja alisema wazi kwamba siku ile hawakuwa na umeme wala redio. Nikamuuliza basi kwa nini alisema ndiyo. Akakasirika.

“Weye ulikuya kuuliza kama tunaangaliaka batoto betu. Nyuma ya vile vijana balitufanyia ku kombe ya Afrika, niseme hapana? Niko mama gani?”

Nikabaki na ndiyo tatu, kila moja na mama yake na baba yake. Ya nne ilikuwa ya muzee Zacharie wa Nyangezi. Alishikilia kwamba aliiona mechi. Hakuwa uwanjani. Umeme haukuwepo kijijini juma zima, majirani walithibitisha. Redio yake haikuwa na betri, nilifungua mwenyewe nikakuta kutu. Simu hana, na wajukuu wako Uvira. Lakini alikuwa ametuambia, mara ya kwanza na ya pili, kwamba vijana wa Funu walivaa nyekundu, na sote tunajua Funu huvaa buluu.

“Muzee, Funu habavalake nyekundu,” nikamwambia.

“Siku ile balivaa.”

Tulipofika mjini nilikwenda kuuliza. Walikuwa wamevaa nyekundu. Jezi za buluu zilinyeshewa kwenye kamba. Nikamtafuta mtangazaji wa redio, nikamuuliza kama alitaja rangi. Akasema hakumbuki, labda. Mpaka leo muzee Zacharie ananisumbua. Nimemfikiria nikipika, nimemfikiria kanisani. Kama kuna kati yenu anayeweza kunieleza, milango yangu iko wazi, ila asiniambie habari za mizimu, nimefundisha katekisimu.

Ijumaa tulikwenda biro bila kujua tutasema nini. Tulimkuta maman Georgette amekwisha kufika. Nilikuwa nimemwambia, bila kufikiri, kwamba kazi yetu iko mashakani, naye alikuja amevaa kikwembe chake cha misa, kile kitenge kizuri, na mumewe nyuma.

“Nani anasema sikuangalia?” ndivyo alivyosalimia.

Shefu alimpa kiti. Alikuwa mtu wa adabu, hilo lazima niliseme.

“Maman, télé ilionyesha nini siku ile?”

“Chorale.”

“Donc uliangalia chorale.”

“Chorale tulikata sauti. Nani anaangaliaka chorale bila sauti?”

“Donc match haukuiona.”

“Papa, uko na mutoto?”

“Mumoja.”

“Siku alizaliwa ulikuwa wapi?”

“Ku corridor ya maternité.”

“Ulimuona akitoka?”

“Hapana, maman. Nilisikia tu akilia.”

“Na batu bakikuuliza kama ulikuwako siku mutoto anazaliwa, unajibu hapana?”

Shefu alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa. “Je suis perdu,” akasema, yaani amepotea.

“Na miye pia,” akasema papa Wenceslas. Lilikuwa neno lake la kwanza mbele ya shefu tangu siku ya kufungiwa mlango. Wakatazamana wale wawili, na shefu akainuka, akazunguka meza, akamshika mkono. “Papa, pardon,” akasema. Papa Wenceslas akavaa kofia yake. Hawakulizungumza tena, wala mimi sikuwahi kusikia shefu akitaja malewa mpaka alipohamishwa.

Tuliandika yote kama yalivyokuwa, redio, kwaya, uwanja, yule mama wa Katana. Watu wa sabuni walisoma huko Kinshasa, na walichoelewa wao ni kwamba Bukavu ina hamu kubwa hata inatazama mechi ambayo haipo. Wakalipia msimu mzima.

Ikaja sasa mechi yenyewe, na picha. Kamera ilikuwa moja, imewekwa upande ule wenye paa ili isilowe, na kutoka pale mpira ukienda kona ya mbali haukuonekana, uliona tu wachezaji wanakimbia kisha wanasimama. Jumapili za kwanza sebule zilijaa. Halafu zikaanza kupungua. Nilipita kwa maman Georgette nikamkuta anapanga makala yake uani wakati mechi inaendelea ndani, peke yake.

“Maman, sasa image imekuya,” nikasema. “Hauangalie?”

“Niliiangalia. Hiyo njo shida.” Akapangusa mikono. “Ku radio balikuwa bakubwa. Hapa beko badogo sana.”

Nikaandika hivyo. Nikadhani hadithi imeisha: timu ya taifa inaweza kuwasha moto, lakini haiwezi kuutunza. Niliitayarisha hata sentensi hiyo kwa ajili ya ripoti. Kisha timu ya taifa ikapoteza mechi ambayo kila mtu alijua itashinda. Mji ulinyamaza siku nzima, hata wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, walinong'ona bei. Nikajiambia Jumapili ijayo kila televisheni itakuwa imevaa kitambaa chake.

Jumapili hiyo Cimpunda sebule ilijaa mpaka mlangoni. Maman Georgette alinipigia kelele nipite katikati ya magoti ya watu.

“Bale ba kule balituumiza,” akasema. “Tumerudi ku betu.”

Na Panzi, yule papa aliyekuwa nyuma ya goli alikuwa amezima televisheni, hata uwanjani hakwenda. “Mupira hapana tena,” akaniambia. “Ata ya batoto mu barabara sitaki kuiona.” Sababu ni ileile moja. Kati ya nyumba hizo mbili ni mwendo wa miguu wa kusali rozari moja. Nilisimama barabarani na fiche mkononi, sijui nirudi Cimpunda ama niende nyumbani.

Mwisho wa msimu shefu aliniomba sentensi moja tu. Watu wa sabuni walikuwa wamechoka na maelezo. Walitaka kujua: mafanikio ya timu ya taifa yanaleta watazamaji kwa ligi ya nyumbani, yanaleta ama hayaleti? Nilijaribu siku kadhaa. Nilipanda gari kwenda Katana kumwona papa Wenceslas.

Wakati huo alikuwa amekwisha kustaafu, na alikuwa amelazwa hospitali ya misioni, mguu umefungwa plasta. Aliteleza kwenye tope la migomba yake mwenyewe. Nilimkuta ameegemea mto, kofia kichwani, anawauliza wagonjwa wenzake courant ya kwao huja saa ngapi. Nilimpelekea sambaza. Nikamweleza Cimpunda, nikamweleza Panzi.

“Uliuliza batu bengi?”

“Bengi, papa.”

“Na balisema nini?”

“Balisema yote.”

Alicheka mpaka muuguzi akageuka. Ukutani kwenye korido kulikuwa na televisheni, na kwa kumtania nikatoa fiche na kalamu. “Na weye, papa Wenceslas? Msimu huu uliangalia match ngapi?”

Hakuchukulia kama utani. Alifikiri, macho kwenye dari, kama yule fundi cherehani.

“Moja,” akasema. “Ile ya kwanza.”

“Papa, ya kwanza haikupita. Weye mwenyewe siku ile haukuiona.”

“Niko najua. Lakini Georgette alinionyesha. Ule papa wa Panzi alinionyesha, akasimama namna alisimama nyuma ya goli. Muzee wa Nyangezi alinionyesha ata rangi.” Alisogeza mguu wake wa plasta kwa mikono miwili. “Ingine zote ziko zinapita hapa ku corridor, naziangalia, na hakuna kitu naona.”

Nilitaka kubisha. Lakini nilipofumba macho niliiona kona ile, nikaona jezi nyekundu zinaruka pamoja, na kichwa kimoja juu ya vingine. Niliiona vizuri kuliko komunyo ya mjukuu wangu, ambako nilikuwa nimekaa benchi ya mbele.

“Andika,” akasema.

“Niandike nini, papa?”

“Niliangalia, ndiyo. Nilipenda, ndiyo.”

Niliweka alama zote mbili. Alinyoosha shingo kuhakikisha, kisha akafungua sambaza.

Sentensi ya shefu niliiandika ndani ya gari la kurudi, karatasi juu ya goti, na kila shimo la barabara lilinifutia neno. Nilipofika Bukavu zilibaki sentensi mbili fupi: “Tuliwauliza. Walijibu.” Shefu alizisoma, akavua miwani, akazisoma tena bila miwani, akatia sahihi.